Usimng'arishe Babu

Baba mdogo alinikuta nikiipangusa randa ya babu kwa tambara lenye mafuta, akauliza mbona siing'arishi mpaka mtu ajione uso. Ingekuwa yake, anasema, angeipiga rangi nyeusi akaiweka sebuleni juu ya kabati, kila mgeni aulize. Nikamjibu, "Baba, hii kesho inapiga mbao." Akacheka akaenda zake.

Mimi sikucheka. Naona watu wengi wanaofufua zana za wazee wao wanafanya kama atakavyo yeye: wanasugua mpaka chuma kinameta kama sahani ya harusi, wanabadili mpini, wanapaka vanishi, halafu wanaitundika ukutani. Kitu kinapendeza, sikatai. Ila babu hayumo tena. Ukikiuliza mkono wa nani ulikishika, hakina jibu.

Randa yenyewe ni Stanley namba 4, ya chuma, yenye vishikio viwili vya mti. Umbo lake lilibuniwa na Mmarekani Leonard Bailey, ambaye haki za ubunifu wake zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869, na tangu hapo halijabadilika kiasi cha kumpoteza fundi. Ndiyo maana zana ya namna hii haifi kirahisi. Nilipoitoa kwenye gunia ilikuwa nyekundu kwa kutu, skrubu zimeganda, na buibui kaweka makazi mdomoni mwake.

Kutu yenyewe haina maajabu. Niliifungua yote, vya mti nikaweka kando, vya chuma nikavilaza usiku mmoja kwenye siki ya kawaida. Asubuhi nikapiga brashi ya waya, nikasuuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, nikakausha papo hapo na kupaka mafuta. Ukichelewa kidogo tu kutu mpya inachipua ukiitazama. Na usiisahau sikini siku tatu, maana ikimaliza kutu inaanza kula chuma. Kilichobaki ni rangi ya kijivu iliyokolea, yenye madoa. Hapo ndipo niliposimama. Chini, panapogusa mbao, nilisawazisha kwa msasa uliolazwa juu ya kioo kinene, kwa sababu pale pana kazi. Ubavuni hapana kazi, pabaki na uzee wake.

Kisu ndicho kilichonipa somo, na somo lenyewe la aibu. Makali yalikuwa na pengo, nikaona niyaondoe haraka kwa grenda. Haraka hiyo! Sekunde chache tu, ncha ikageuka buluu. Anayejua chuma anajua maana yake: moto umepita nyuzi 290 hivi za Selsiasi, ugumu umetoka, na makali ya hapo hayatakaa tena. Ikabidi niile sehemu yote ya buluu, safari hii taratibu, nikichovya kwenye maji kila baada ya mguso mmoja au miwili. Milimita tatu zikaenda. Babu alikitumia kisu kile miaka yake yote ya useremala akikipunguza kwa jiwe, kidogo kidogo. Mimi nimekula milimita tatu kwa adhuhuri moja.

Kuna jambo jingine nililigundua wakati wa kunoa. Makali hayakuwa sawa, yameenda mshazari, kona moja imelika kuliko mwenzake. Na kile kijiti cha nyuma kinachoinamisha kisu kushoto au kulia kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho, kufidia. Kwanza nikadhani ni uzembe. Mama akaniambia miaka ya mwisho bega la kulia lilikuwa likimsumbua babu, hata kikombe akikinyanyua kwa kushoto. Nilikaa na kisu mkononi muda mrefu. Ninyooshe au niache?

Nilinyoosha. Pembe ya nyuzi 25 kwa grenda, kisha 30 pale nchani kwa jiwe la maji. Upogo ule ulikuwa wa bega lake, na bega langu ni zima.

Mpini wa nyuma sikuugusa, na hapa najua baadhi ya mafundi watanipinga. Ulivunjika zamani karibu na kitako, mahali ambapo mipini ya randa hizi hupenda kuvunjika, na babu akaufunga kwa waya wa shaba, mizunguko kumi na moja, nimeihesabu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kuutengeneza upya kwa mti mzuri ingenichukua siku moja. Lakini waya ule haulegei, hauchomi kiganja, na pale juu panapokaa kati ya kidole gumba na cha shahada mti umelika kwa umbo la mkono ambao si wangu. Kila nikiushika nauona mkono wangu mdogo. Kasoro inayozuia kazi naiondoa, isiyozuia inabaki. Sina kanuni nyingine.

Jumamosi nikaipitisha kwenye ubao wa msonobari. Mara mbili ikakwama, nikarudisha kisu nyuma kidogo, ya tatu likatoka ganda moja la mbao, refu, jembamba, likajikunja mpaka kwenye kifundo cha mbele na kunidondokea miguuni. Mama akiwa chumba cha pili akauliza, "Nani huyo anapiga randa?" akijua vizuri kwamba nyumbani ni mimi na yeye tu.

Baba mdogo naye kaja jana. Mlango wake wa nyuma umevimba kwa mvua, haufungi, na anaomba ile randa siku mbili. Nimempa. Ila kwanza nimekwenda kuukagua huo mlango mwenyewe, nikang'oa misumari miwili ukingoni.