Mistari Mitatu, Mistari Minne

Naanza kwa kujitetea: mimi na simu hatukuanza kujuana jana. Kidole gumba changu kilikuwa kama punda anayerudi zizini, humwongozi, unakaa tu mgongoni. Kinasa sauti kilikuwa chini kulia, ikoni nyekundu yenye picha ya kaseti. Pembeni yake ilikaa programu ya vikao vya sauti vya ofisini, ya kijani, vichwa viwili vikielekeana kana kwamba vinasengenya mtu. Kidole kilijua mtaa. Rangi ndiyo iliyokuwa namba ya nyumba. Jina lililoandikwa chini ya ikoni sikuwahi kulisoma. Nani hulisoma?

Usiku mmoja nikaiacha simu kwenye chaji. Usiku ndipo mambo haya hutokea: umeme upo, waifai ipo, mwenyewe kalala, basi programu zinajisasisha kimyakimya. Asubuhi nyekundu hakuna, kijani hakuna. Yamebaki maduara mawili, bluu juu inayoyeyuka kuwa zambarau chini. Katikati ya moja, mistari mitatu myeupe iliyosimama wima, mirefu kwa mifupi. Katikati ya jingine, mistari minne.

Hizi ni kampuni mbili tofauti, jamani. Hazijuani. Zimekutana kwenye simu yangu zimevaa sare, na kila moja imeniachia ujumbe kwamba sasa ina "mwonekano mpya, safi zaidi".

Susan Kare alichora ikoni za Macintosh ya kwanza, kompyuta ya Apple iliyotoka mwaka 1984, kwenye mraba wa vitone 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe basi, hakuna rangi nyingine. Humo humo akachora kompyuta inayotabasamu, ya kukwambia mashine imeamka salama, na bomu, la kukwambia mambo yameharibika. Sijasikia mtu aliyewahi kuchanganya tabasamu na bomu. Simu yangu ina uwezo wa kuonyesha rangi zaidi ya milioni 16, na hawa wawili wamegombania ile ile. Hata Instagram, walipoiacha kamera yao ya kahawia mwaka 2016 wakajipaka machweo, watu walipiga kelele lakini kamera bado ilionekana. Mistari mitatu ni picha ya nini? Ya uzio?

Sasa, Jumatatu ile saa nne nilikuwa na miadi na bosi. Nilitaka nyongeza ya mshahara. Maneno ya namna hiyo hayatoki kinywani bila mazoezi, kwa hiyo saa mbili na robo nilijifungia chumbani ili nijirekodi, nijisikilize, nijirekebishe. Nikagusa duara. Kikafunguka kioo cheupe chenye kitufe kikubwa cha kipaza sauti katikati. Nikabonyeza, mawimbi yakaanza kucheza, nikaridhika. Nikailaza simu kifudifudi mezani, nikasimama mbele ya kioo cha kabati.

Wenye macho makali wameshaona. Chumba cha sauti cha ofisini kwetu huwa wazi tangu saa mbili kamili, na ukifungua ile programu inakutupa humo bila kukuuliza.

Nilianza kwa unyenyekevu. Lakini maombi ya upande mmoja hayana ladha, nikaona nimwigize na bosi. Nikajikohoza mara tatu kama yeye, nikaipitisha sauti puani: "Sasa basi, ndugu yangu, hali ya kampuni unaijua." Niseme ukweli, nilipokuwa mimi nilikuwa mnyonge, ila nilipokuwa yeye nilikuwa moto. Nilitembea huku na huku. Nilivuta suruali juu ya kitambi nisichokuwa nacho.

"Nyongeza? Ripoti ya mwezi uliopita uliileta lini?"

"Tarehe saba, bosi. Mtandao ulikatika."

"Ulikatika kweli?"

Hapo ndipo nilipopotea. Yule bosi wa kioo alinikazia macho kiasi kwamba nikaona aibu kumdanganya.

"Haukukatika, bosi. Nilisahau."

"Basi nyongeza hakuna. Toka."

Nikabishana naye raundi mbili zaidi. Zote alishinda.

Wenzangu waliniambia baadaye kwamba mwanzoni walidhani nina mgeni nyumbani. Walipoelewa, hakuna aliyekuwa tayari kunikatiza. Mmoja alikwenda kumwita mhasibu aje asikie. Mimi nilikuwa nimeanza raundi ya nne niliposikia mtu akijikohoza mara tatu. Vizuri kabisa, puani kabisa. Nikafikiri, leo nimeiva, mpaka mwangwi unamwigiza.

"Sasa basi, ndugu yangu," ikasema meza. "Mimi sijikohozi hivyo."

Niliigeuza simu. Juu kabisa iliandikwa: wasikilizaji 19. Chini, safu ya vikatuni vinavyolia kwa kucheka ilikuwa inapanda kama mapovu. Nikatafuta pa kufunga. Kitufe cha kufunga nacho kilikuwa duara la bluu. Nikakigusa, kikawasha kamera.

Kwa waliokuwa wakijiuliza nilivaa nini: suruali ile niliyoivutia kitambini, na taulo begani.

Saa nne nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa vibaya zaidi. Nilipita katikati ya meza za watu waliokuwa wameinamisha vichwa, mabega yakitikisika. Bosi alinikaribisha kiti, akafungua mdomo ajikohoze, akajizuia. Tukakaa kimya kidogo. Nikaanza kumweleza habari za ikoni, mistari mitatu, mistari minne, akatoa simu yake kuhakikisha. Akaangalia kwa muda mrefu, akagusa moja kwa uangalifu mkubwa, na kutoka nje ya mlango tukasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwenye simu za watu wote: "Hiki si ndicho kinasa sauti?"

Nyongeza alinipa. Alinipa nusu ya niliyoomba. Nusu nyingine, alisema, nilishajinyima mwenyewe mbele ya mashahidi 19.