Theluji ya Kibo inaisha kweli, lakini maji ya Moshi yanatoka msituni

Kila mwaka zinazunguka zile picha mbili za Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, ya zamani nyeupe tupu na ya sasa vipande vipande, na watu wanaandika jamani Wachaga watakunywa nini. Hofu hiyo naielewa. Mwaka 1912 barafu ilikuwa kama kilomita za mraba 12, kufika 2007 asilimia 85 hivi ilishapotea, na anayebisha hapo basi tu hataki kuona.

Ila wapo watafiti wanaosema tatizo la maji tunalitafuta sehemu siyo, na wakisema hivyo wanaambiwa eti wanakataa mabadiliko ya tabianchi. Hawakatai, wanaonewa. Hoja ya kina Georg Kaser na Thomas Mölg ni kwamba kule juu wastani wa joto uko kama nyuzi 7 chini ya sifuri, kwa hiyo barafu nyingi haiyeyuki ikawa maji, jua kali linaipiga kwenye zile kuta zake na inageuka mvuke moja kwa moja inapotelea hewani. Na kilichoanza kuimaliza ni ukame tangu miaka ya 1880 hivi, unyevu wa kutoka Bahari ya Hindi ulipungua, theluji mpya ikawa haitoshi kufidia. Sasa fikiria vizuri hapo, barafu inayoishia kuwa mvuke inajazaje mfereji wa Kibosho huku chini mlimani?

Maji yanatoka msituni, zaidi ya asilimia 90 ya yanayoshuka mlimani. Juu ya mita 3,000 kuna msitu wa erika, miti ya majani membamba kama sindano, matawi yamening'iniwa na kuvumwani, zile kama ndevu zinazoota kwenye miti. Ukungu ukipanda mchana unanasa mle, majani yanalowa, yanadondosha tone tone kwenye udongo hata siku ambayo mvua haijanyesha kabisa. Msitu huo ukiungua ukungu unapita tu. Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima huu miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu mamia ya mita, na maji tunayopoteza kwa sababu hiyo ni mengi kuliko yanayopotea kwa barafu kuisha. Hii ndo inaninyima raha, maana picha ya erika iliyoungua hakuna anayeisambaza.

Upande wa barafu nao una lake. Mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake mwaka 2002 walikadiria itaisha kati ya 2015 na 2020, haikuisha, watu wakawabeza, lakini mwelekeo waliousema ndo huohuo. Na hali ya hewa ikizidi kukauka moto nao unashika kirahisi, kwa hiyo tabianchi imo kwenye yote mawili, huwezi kuitoa.

Tofauti ni kwamba barafu hakuna mkoa wala wizara itakayoirudisha, moto unazuilika. Oktoba 2020 uliwaka kuanzia Whona, kati ya kambi za wapandaji za Mandara na Horombo, ukala siku kadhaa huku askari wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wanakijiji na wanafunzi wakipandishwa kwenda kuuzima. Mimi ningetaka hela zianzie hapo, njia za kuzuia moto zifyekwe kabla ya kiangazi, vikosi viwe juu mlimani mapema, na wapagazi wapewe majiko ya gesi yanayotosha ili asiwepo wa kuwasha kuni kwenye erika kavu.