Nafasi 16 za WAFCON: Twiga Stars wamefunguliwa mlango, dirisha limefungwa

CAF, shirikisho la soka Afrika, imeongeza timu za fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake, WAFCON, kutoka 12 hadi 16 kuanzia mashindano ya 2026. Kwenye vibanda umiza vya Ngarenaro na Kaloleni hapa Arusha hukumu imeshatoka: kwa Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, kufuzu sasa ni mteremko. Hukumu hiyo ina ukweli, ila nusu.

Nusu yenye ukweli ni nzito. Tanzania ilicheza fainali zake za kwanza mwaka 2010 Afrika Kusini, wakati timu zilikuwa nane tu, ikafungwa mechi zote tatu. Ikarudi Julai 2025, Moroko. Miaka 15! Aliyekuwa na miaka 17 safari ile alikuwa na 32 safari hii. Kizazi kizima kimetundika daluga katikati. Hata njia ya kurudi ilikuwa nyembamba kama uzi: Ivory Coast waling'olewa kwa penalti, Togo kwa tofauti ya bao moja baada ya mikondo miwili.

Sasa hesabu isiyosemwa. Timu zikiwa 12 makundi ni matatu, na wanaoingia robo fainali ni nane: wawili wa juu kila kundi, pamoja na washindi wa tatu wawili bora. Zikiwa 16 makundi ni manne, robo fainali bado ni nane, kwa hiyo mshindi wa tatu anafunga virago. Kule Moroko Senegal walishinda mechi moja tu, 4-0 dhidi ya DR Congo, wakapenya kama washindi wa tatu kwa pointi tatu, kisha wakawafikisha Afrika Kusini kwenye matuta. Twiga walikuwa karibu na dirisha hilohilo. Walitoka 1-1 na Afrika Kusini, Opah Clement akitangulia kufunga na Bambanani Mbane akichomoa dakika ya 70. Lakini walikuwa wameshafungwa 1-0 na Mali, na Ghana wakawamaliza 4-1. Lile bao la Mali lingegeuzwa kuwa la kwao, pointi nne zingewatosha hata kwa nafasi ya tatu. Kwa mfumo wa 16, nafasi ya tatu haina thamani, na robo fainali ndiyo ngazi ya Kombe la Dunia, maana timu nne za nusu fainali ndizo zinazokwenda moja kwa moja Brazil 2027.

Hofu ya vibonde kubugizwa mabao sioni kama ni hoja kubwa. Ni kweli Marekani iliifunga Thailand 13-0 mwaka 2019. Lakini mwaka 2023, Kombe la Dunia lilipofikisha timu 32, Moroko ilipigwa 6-0 na Ujerumani, ikashinda mechi mbili zilizofuata ikavuka kundi, na Ujerumani ndiyo ikapanda ndege kurudi nyumbani.

Tatizo lenyewe liko kwenye mchujo. Mchujo wa WAFCON ni wa mtoano, nyumbani na ugenini. Ukitolewa raundi ya kwanza umecheza mechi mbili za ushindani, basi, unasubiri mzunguko mwingine. Beki wa kati na kipa hawawezi kuzoeana kwa mechi mbili, na kocha hana nafasi ya kujaribu mfumo, kwa sababu kosa moja ugenini linafunga hesabu. Ulaya wanacheza kwa makundi na ligi za kupanda na kushuka. Timu iliyo kwenye kundi la timu nne inapata mechi sita, hata kama ni dhaifu.

Upande wa pili, wanaotetea mtoano, una jibu lake, nalo si la kupuuza: nauli. Mtoano ni safari moja ya ugenini. Kundi la timu nne ni safari tatu, msafara wa watu zaidi ya 30 kila mara, na michujo iliyopita imeshuhudia timu zikijitoa kabla ya kugusa mpira. Makundi ya kanda yangepunguza gharama, kwani Arusha hadi Nairobi ni basi tu kupitia Namanga. Ubaya wake ni kwamba ukizoea majirani peke yao, kasi ya Nigeria utakutana nayo fainali, ukiwa umechelewa. Kwa maoni yangu bado ni biashara nzuri kuliko mechi mbili.

Wapo wanaotamani uwanja unaojengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanaume, uwe ngome ya Twiga, kwa kuwa Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari na mgeni atahema dakika za mwisho. Taratibu. Wachezaji wetu wengi wanatoka klabu za Dar es Salaam, nao watahema vilevile wasipopiga kambi huku mapema, na kalenda ya FIFA haiwapi siku hizo. Faida ya Olmoti ni nyingine: mchujo ukiwa wa makundi, kundi la timu nne lina mechi tatu za nyumbani. Moja ikiletwa huku, binti anayecheza mpira Moshi anapanda Coaster asubuhi, anaitazama, na jioni yuko kwao.