Tusiite kila kitu vidonda vya tumbo

Mjomba wangu alianza kwa kuacha nyama. Hakusema kitu, alisogeza tu finyango pembeni ya sahani, akala ugali na mchuzi. Baadaye ugali nao ukamshinda: anakata tonge dogo kama la mtoto, anameza, ananyoosha mgongo, anajigonga kifua kwa ngumi, halafu anasukumia na maji. Mezani tulikuwa watu sita, na wote sita tulishampa jibu: vidonda vya tumbo hivyo. Dukani akauziwa omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Jirani akaleta juisi ya kabichi. Ilipofika zamu ya uji kukwama ndipo alipopelekwa kupigwa kipimo cha kamera, na ikaonekana saratani ya umio, ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Tangu hapo nina ugomvi na majina mawili tunayoyagawa bure mitaani, vidonda na bawasiri.

Vidonda vinauma, vinaunguza. Chakula kukwama njiani, leo nyama, mwezi ujao ugali, kisha uji, huku suruali zinapwaya, ni jambo lingine kabisa. Na kwetu si jambo la nadra. Saratani ya umio imetanda kwenye ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini. Kilimanjaro imo, na kule Bomet, Kenya, wamepatikana hata wagonjwa wasiofika miaka 30. Sigara na pombe zinatajwa, na chai nayo imo. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi joto 65, huenda vikasababisha saratani hii. Mjomba alikuwa akirudisha jikoni kikombe kisichofuka moshi. Kwake chai isiyounguza ulimi haikuwa chai.

Hata vidonda vyenyewe tunavitibu vibaya. Vingi huletwa na bakteria aitwaye Helikobakta pailori, na daktari wa Australia, Barry Marshall, alimnywa mwenyewe mwaka 1984 ili wenzake waache kubisha. Bakteria huyo huuawa kwa antibayotiki, na akiachwa miaka mingi anaweza kufungua njia ya saratani ya tumbo, ingawa wengi walio naye hawafiki huko. Sasa mtu anayemeza dawa za kutuliza asidi mwaka wa tatu bila kupimwa anatibu nini? Akianza kutapika damu, akapata choo cheusi kama lami, au akala vijiko viwili tu akashiba, hapo si mahali pa kabichi tena.

Bawasiri nayo ina kichaka chake, na kichaka hicho ni aibu. Nani atamwambia mkwewe kwamba anaona damu chooni? Ananunua dawa ya kupaka, ananyamaza. Ndiyo, mara nyingi huwa bawasiri kweli. Lakini damu iliyochanganyika na kinyesi, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kuharisha na kufunga choo kwa kupokezana, au mwanamume mzima kuishiwa damu bila sababu, vinaweza kuwa saratani ya utumbo mpana. Hasa kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua. Inaniuma zaidi hii kwa sababu mara nyingi huanza na kinyama kidogo ambacho kingetolewa kabla hakijageuka saratani.

Saratani ya ini sitaisemea sana. Homa ya ini B, inayoweza kuileta, ina chanjo, na watoto wetu wanaipata. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, ilipoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 tulishtuka. Ile inayokula ini polepole kupitia mahindi na karanga zilizoota ukungu, tunaipepeta na kuipika.

Najua mtu wa zahanati atanijibu: kamera iko wapi, na hela iko wapi? Ana haki. Lakini kumuuliza mgonjwa "chakula kinakwama?" hakuhitaji umeme wala bima, na mjomba alipita madirisha mengi ya dawa bila kuulizwa.

Walimwekea mrija wa waya wa kupanua umio. Jioni ya siku aliyorudi nyumbani alikunywa mtori, bakuli zima, bila kujigonga kifua, akaomba mwingine. Mkewe alisimama na mwiko mkononi akimtazama. Tulikuwa naye miezi minne zaidi.