"Ni ya Kweli?": Wanaojiundia Cobra na Wanaowacheka

Mwenye nakala ya Cobra, gari la michezo la miaka ya sitini, akisimama kujaza mafuta, hajafungua hata kifuniko cha tangi mtu ameshamsogelea. Boneti imetuna, mabomba ya moshi yamepita ubavuni, mistari miwili mipana imetoka puani hadi mkiani. Gari la namna hiyo halipiti kimya. Swali la kwanza ni lilelile siku zote: "Ni ya kweli?" Akijibu kwamba ni replika, uso wa muulizaji hubadilika kama wa mtu aliyeokota noti, akaigeuza, akakuta upande wa pili ni mweupe.

Hoja ya wanaowabeza watu hawa naielewa, na haina upuuzi. Wanasema gari la michezo halina thamani kwa umbo lake tu. Thamani yake imo katika mbio lililokimbia, mikono iliyoligonga bati, na miaka lililoishi. Anayejenga kinachofanana nalo anavaa sifa aliyoichuma mwingine. Wanamweka fungu moja na anayevaa saa feki ya Uswisi: anajua ni feki, fundi wake anajua ni feki, lakini anategemea wewe usijue. Nguo ya kuazima, wahenga walisema, haisitiri matako.

Haya. Lakini hiyo Cobra ya kweli ilishonwa kwa kitambaa cha nani?

Carroll Shelby, Mtexas aliyewahi kufuga kuku, alishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1959 akipokezana usukani wa Aston Martin na Roy Salvadori. Moyo ukamsumbua, akaacha mashindano. Mwaka 1961 akaiandikia AC, kampuni ndogo ya Thames Ditton, Uingereza, ambayo kampuni ya Bristol ilikuwa inaiachisha injini ya silinda sita iliyokuwa ikiitegemea. Ford wakatoa V8, injini ya silinda nane. Kwa hiyo moyo wa gari ni wa Marekani na mwili ni wa Uingereza, na mwili wenyewe una wazazi wengine: chini yake kuna usanifu wa John Tojeiro, na juu kuna bodi iliyofuata sura ya Ferrari 166 bila kujificha. Toleo lililoitwa 427, kwa ukubwa wa injini yake katika inchi za ujazo, wateja wengine walikabidhiwa likiwa na injini ya 428, ya bei nafuu zaidi na isiyoundwa kwa ajili ya mbio. Jina likabaki 427.

Na lile la kwanza kabisa, lenye namba ya fremu CSX2000, la mwaka 1962? Lilipakwa rangi upya kila lilipokwenda kwa waandishi wa magazeti ya magari, ili wadhani magari ni mengi. Lilikuwa moja. Mwaka 2016 lilinunuliwa mnadani Monterey, California, kwa dola milioni 13.75, na sijasikia aliyemwita mnunuzi mlaghai.

Sisemi hayo kumshusha Shelby. Kuunganisha vitu vya watu watatu vikawa kimoja kinachoshinda ni kipaji, na mwaka 1965 timu yake ilitwaa ubingwa wa dunia wa magari ya GT na kuwapiku Ferrari. Nasema tu kwamba anayetaka usafi wa nasaba amekuja kuutafuta nyumba isiyo yake.

Sasa kuna namba moja ambayo haitoki kichwani mwangu. Cobra zote za miaka ya sitini, ukihesabu kuanzia ya kwanza hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1967, hazizidi sana elfu moja. Lakini ile ambayo karibu kila mjenzi anaiiga, yenye kijiti cha chuma nyuma ya kichwa cha dereva, mabomba ya ubavuni na mdomo mpana wa kuvuta hewa, ni toleo la S/C. Lilizaliwa bila kupangwa. Shelby alitaka kuliingiza gari la 427 katika mashindano ya 1965, FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, ikataka yawe yamejengwa 100, na wakaguzi walipofika wakakuta karibu nusu tu. Kibali kikakosekana. Magari ya mbio yaliyobaki bila mnunuzi yakafungwa vioo na vikorokoro vichache vya barabarani, yakauzwa kama S/C. Yalikuwa thelathini hivi.

Thelathini, kwa dunia nzima. Yaliyobaki hadi leo yana thamani ya mamilioni ya dola, na kitu cha mamilioni hakiegeshwi nje ya duka la mikate. Kinakaa chini ya turubai, katika chumba chenye hewa iliyopimwa, kinatoka kwenda mnadani juu ya lori lililofungwa. Basi jiulize kijana wa mji wa kawaida aliyelipenda umbo lile aliliona wapi. Hakuliona lile la mnadani. Aliliona la faiba, la jirani, likitoka gereji Jumamosi asubuhi. Nyuma ya kila moja la asili kuna nakala mamia, na hizo ndizo zilizozuia Cobra isigeuke picha ya kalenda. Wenye magari ya asili wanaolalamika kwamba nakala zinaharibu thamani ya mali yao wangefaa kuitazama tena bei ya 2016, kisha waniambie ni thamani gani iliyoharibika. Nimelipigia hesabu jambo hili mara nyingi na kila mara linatoka vilevile: umaarufu wa wachache umelishwa na wingi wa waigaji.

Tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu wanaocheka mara nyingi hawajaiona. Kampuni kama Factory Five, iliyoanzishwa mwaka 1995 na ndugu wawili na yenye makao Wareham, Massachusetts, humletea mteja fremu ya chuma, bodi ya faiba na rundo la masanduku. Mtindo wa siku za mwanzo ulikuwa kununua Ford Mustang kuukuu ya kati ya 1987 na 1993, kuichinja, na kuhamisha injini, giaboksi, ekseli na breki. Ukisoma hivyo unadhani ni kazi ya wikendi mbili. Kumbe milango ya faiba haikai sawa mpaka uisuguesugue, uondoe milimita hapa, uongeze bawaba pale. Kuna mabomba ya breki ya kukunja kwa mkono bila kuyapinda vibaya. Kuna nyaya, na hizo ndizo zinazowavunja moyo watu: taa ya kushoto ikiwaka, honi nayo inalia. Mtu aliyekuwa mhasibu maisha yake yote anajikuta saa sita za usiku chini ya gari, tochi mdomoni, akitafuta waya mmoja usiogusa bodi. Na siku ya kwanza barabarani, akishuka kwa furaha bila kuangalia, bomba la ubavuni linamchoma shavu la mguu. Wenyewe huita kuumwa na nyoka, na wengine wanaonyesha kovu kama cheti.

Mtu huyu ukimuuliza "ni ya kweli?" umemuuliza swali la muuza mnada. Nguo hii hakuiazima. Ameishona, na vidole vinamuuma.

Ila sasa nikiri, maana hapa wakosoaji wana nguvu. Si kila mwenye nakala ameijenga. Kuna wanaonunua ikiwa imekamilika, wakabandika beji ya nyoka, na mtu akiuliza wanacheka tu bila kujibu. Kicheko hicho ndicho tatizo. Mwaka 1991 mahakama ya rufani ya shirikisho Marekani iliamua kesi ya Ferrari dhidi ya mtu aliyekuwa akiuza magari ya faiba yanayofanana na Daytona Spyder na Testarossa. Alijitetea kwamba wateja wake wanajua wanachonunua, na hata alichobandika ilikuwa herufi R, si nembo ya Ferrari. Mahakama ikasema anayedanganyika si mteja, ni mpita njia. Hoja hiyo ni nzito, ingawa nina neno nayo: mpita njia amepoteza nini? Lakini mnunuzi wa tatu, miaka ishirini baadaye, anaweza kupoteza nyumba. Na mwaka 2019, polisi wa Itajaí, Brazil, walivamia karakana ya baba na mwanawe iliyokuwa ikitengeneza Ferrari na Lamborghini bandia zenye nembo za kampuni hizo. Hao siwatetei.

Serikali nazo zimekuwa zikitafuta pa kuliweka gari la aina hii. Uingereza gari lililochanganya vipande vya umri usiojulikana hupewa namba inayoanza na Q, na kila anayeliona anajua. California hutoa nafasi 500 tu kwa mwaka za kusajili gari la kujiundia kwa masharti ya hewa chafu ya zama linazofanania. Sheria ya Marekani ya 2015, ambayo kanuni zake zilikuja kukamilika 2021, inaruhusu kampuni ndogo kujenga nakala 325 kwa mwaka za magari yaliyotimiza miaka 25, mradi ina leseni ya mwenye haki na gari lina kibandiko cha kudumu kinacholitaja kuwa nakala. Hicho kibandiko nakipenda kuliko sheria nzima.

Shelby mwenyewe alikuwa pande zote mbili. Mwishoni mwa 2000 aliwashtaki Factory Five. Majina aliweza kuyalinda, umbo hakufaulu. Lakini miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1993, Los Angeles Times liliandika kwamba fremu alizozitaja kuwa masalio ya 1965 zilikuwa zimetengenezwa miaka ya tisini hiyohiyo. Halafu kampuni ya Superformance, ambayo Cobra zake zinajengwa Gqeberha (zamani Port Elizabeth), Afrika Kusini, aliyokuwa akigombana nayo, baadaye ikapewa leseni yake. Kwa maneno mengine, kilichokuwa bandia kikawa halali kwa kutiwa saini, huku mafundi walewale wakishika nyundo zilezile.

Pwani yetu tuliwahi kulimaliza jambo hili bila wakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mchonga milango na mwandishi, alinakili tenzi za kale kwa mkono kwa miaka mingi, nyingine kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya. Hakuna anayeziita nakala zake feki. Zinatunzwa, na hati yake inasifiwa kwa uzuri wake. Hakudai kwamba yeye ndiye Mwana Kupona.

Ndiyo maana ukali wa kampuni kubwa wakati mwingine unanichefua. Mwaka 2020 mahakama ya Stockholm iliwaamuru wanandoa waliojijengea nakala ya Jaguar C-type ya miaka ya hamsini kuliharibu gari lao. Ilikuwa lazima wasubiri hadi 2023 mahakama ya rufani iwape haki. Katikati ya kesi hiyo, mwaka 2021, Jaguar yenyewe ilitangaza kuanza kuuza C-type mpya.

Linalobaki bila jibu zuri ni kifo cha mjenzi. Akiwa hai anasema kweli, kwa sababu kusema kweli ndiko kunakomletea sifa. Akiondoka, warithi wanauza, mnunuzi anamuuzia mwingine, na mahali fulani katika mnyororo huo mtu anang'oa kibandiko. Cobra za asili zina kinga yake: klabu ya Shelby American Automobile Club hutunza daftari la namba za CSX, moja moja, na gari lisilomo humo litahitaji maelezo marefu. Nakala nyingi hazina daftari la namna hiyo. Wajenzi makini basi hutunza faili: risiti ya fremu, picha za gereji, namba ya Mustang iliyochinjwa, tarehe ya siku injini ilipowaka mara ya kwanza. Ukiuziwa moja bila faili hilo, hata muuzaji akiwa na uso wa sheikh, rudi nyumbani na pesa zako.