Mimi ni wa Tanga, Msinitafutie Mbio kwenye Damu

Jumamosi usiku, Glencoe, bonde moja la Uskoti, baada ya sahani ya pili ya tambi, mwenyekiti wa klabu yetu ya mbio akasimama kugawa zawadi za utani. Aliyepotea njia akapewa dira ya plastiki. Aliyeanguka kwenye tope akapewa sabuni. Kisha nikaitwa mimi. Nikavishwa medali ya boksi iliyochorwa kwa kalamu za rangi, imeandikwa: "Mkenya mwenye mwendo wa kobe kuliko wote duniani." Chumba kizima cha hosteli kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, maana ugenini unacheka kwanza, unafikiri baadaye.

Leo Jumatano. Bado nafikiri.

Kwanza, mimi si Mkenya. Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, na nimeshawaambia mara zisizohesabika. Wanaitikia kwa kichwa, "Ndiyo, ndiyo, Tanzania," halafu wiki inayofuata narudishwa Kenya bila pasipoti. Pili, ni kweli nilikuwa wa mwisho. Hilo sibishani na mtu.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Tulianzia Kingshouse, chini ya ule mlima wa Buachaille Etive Mòr, mita 1,021, ambao jina lake la Kigaeli ni mchungaji, na kweli umekaa pale mlangoni mwa bonde kama mzee aliyeegemea fimbo anahesabu ng'ombe. Tulishika njia ya West Highland Way, ile inayotoka Milngavie hadi Fort William, kilomita 154. Sisi tulikula kipande tu, kama kilomita 14 hadi Kinlochleven, lakini ndicho kipande chenye Ngazi za Shetani, mahali pa juu kuliko pote katika njia nzima. Si juu sana, mita 550 hivi. Mtu wa Lushoto angecheka. Ila Lushoto mvua hunyesha kutoka juu kuja chini kama alivyopanga Mungu. Kule inakuja kwa ubavu, unarushiwa usoni kama maji ya kuoshea vyombo.

Kupanda sikufanya vibaya. Nilitembea, mikono magotini, na karibu wote walitembea. Aibu yangu ilikuwa kwenye kuteremka. Mawe yamelegea, vijito vinakata njia, na mimi nashuka kiubavu kama kaa wa Raskazone. Ndipo akanipita mama mmoja wa klabu, ana miaka 67, mwalimu mstaafu wa hesabu, nywele nyeupe pee. Mbuzi wa Usambara angemwamkia. Alikuwa anaongea na mwenzake huku anashuka! Nilipomkuta chini, amekwisha kunywa chai, nikamwomba siri. Akaniambia macho yatangulie mawe matatu mbele, hatua ziwe fupi, na nisiegemee nyuma, maana kuegemea nyuma ndiko kunakoangusha watu. Alianza kukimbia milimani akiwa na miaka 30.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo moto uliponiwakia. Usiku ule ule, meza ile ile, mama huyu alisifiwa. Walimsifu kwa nini? Uzoefu. Mazoezi. Jumapili 50 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, kwenye mvua. Hakuna aliyesema ana damu ya mbuzi. Hakuna aliyeuliza kama bibi yake alikuwa akifukuzwa na mbwamwitu. Kenny Stuart, mkimbiaji wa milimani, alipanda na kushuka Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uskoti, kwa saa 1, dakika 25 na sekunde 34 mwaka 1984, na wanavyomsimulia ni kama fundi: alivyojituma, alivyochagua pa kukanyaga. Ila dakika tano baadaye, ilipofika zamu ya Waafrika Mashariki, ghafla kila mtu ni daktari. Oh, vifundo vyembamba. Oh, mnakimbia kwenda shule kilomita kumi pekupeku. Shule yangu ilikuwa ng'ambo ya barabara, jamani! Nilikuwa nachelewa kwa sababu ilikuwa karibu.

Angalieni matusi yalivyofichwa humo. Alphonce Simbu wetu, mkimbiaji wa marathoni, alipochukua dhahabu ya dunia Tokyo mwaka 2025, dhahabu ya kwanza ya dunia ya Tanzania, alimpita Mjerumani kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Sekunde 0.03! Hata kukonyeza jicho ni muda mrefu kuliko huo. Mtu huyo alikuwa wa tano Rio 2016. Alipata shaba London 2017. Halafu ikapita miaka minane ya kuamka gizani, kuumia, kupona, kushindwa, kusahauliwa na sisi wenyewe, ndipo ikaja ile shingo moja mbele kwenye utepe. Ukimwambia "ni damu," umemnyang'anya miaka yote hiyo umempa babu yake. Nenda Iten, Kenya, mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, ukawatazame vijana wanaotoka kwa makundi alfajiri kwenye vumbi jekundu, wengi hawatajulikana kamwe majina yao. Kama ni damu, wanaamkia nini?

Na hao wanaovuma, wengi ni wa Bonde la Ufa. Mkenya wa Lamu ukimleta Glencoe tutashuka naye kiubavu sambamba, kaa wawili.

Haya, nakubali, shingo upande: kuzaliwa na kukulia juu kunasaidia. Mapafu na damu hujifunza kuishi na hewa nyembamba, hilo si hadithi. Lakini mimi nimekulia mahali ambapo mlima mkubwa ni tuta la barabarani, kwa hiyo hata kwa hesabu yao wenyewe nilitakiwa niachwe salama.

Nikubali na lingine, maana mwenzangu mmoja wa kazini atasoma hapa na anaijua hadithi hii. Siku ya kwanza nilipojiunga, waliniweka kundi la wakimbiaji wa kasi bila kuniuliza swali hata moja. Sikuwasahihisha. Wiki mbili nzima nilikula heshima ya Kipchoge kwa miguu ya muuza mihogo. Hiyo ni dhambi yangu.

Kinachonishangaza ni kwamba hawa si watu wasiojua kutofautisha. Bonde lile ndilo wanajeshi walipokaribishwa na kulishwa na ukoo wa MacDonald karibu wiki mbili, kisha alfajiri ya tarehe 13 Februari 1692 wageni wakawageukia wenyeji wao na kuwaua watu kama 38. (Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale hawakupewa jembe.) Aliyewaongoza alikuwa Campbell, na mpaka leo utani wa kuwakatalia akina Campbell vinywaji haujaisha kule. Yaani mtu anaweza kukumbuka ukoo gani ulilala nyumba ya nani miaka zaidi ya 330 iliyopita, halafu Tanga na Eldoret kwake ni mtaa mmoja!

Na msidhani wa nyumbani wamepona. Nilituma picha kwenye grupu la familia, nimelowa, nina tope hadi kwenye nyusi. Kaka yangu akajibu: "Dada, umepitwa na bibi kizee wa kizungu? Unatuaibisha Waafrika." Vikaragosi vya kucheka kumi na viwili. Mama naye akauliza kwa nini nalipa pesa ili ninyeshewe. Swali la mama lina haki yake, sina jibu.

Mambo mengine ya safari kwa kifupi. Usubi: upepo ukitulia tu, wanakula mtu mzima. Milima haina geti wala tiketi, sheria ya Uskoti ya mwaka 2003 inamruhusu kila mtu kupita karibu popote mradi awe na adabu, na hilo liliniuma kwa wivu nilipoukumbuka Kilimanjaro.

Mwenyekiti si mtu mbaya. Ni yeye aliyerudi kupanda mlima Jumamosi kunitafuta kwenye mvua, na vidole vyangu vilipokataa, alinifungia zipu ya koti kama mtoto wa chekechea. Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mjinga ningeshamsahau.

Jumapili tulipanda Pap of Glencoe, mita 742. (Kwa Kigaeli ni kilele cha titi. Mkiuona mtaelewa, sisemi zaidi.) Kushuka nikajibanza nyuma ya yule mama mwalimu nikawa nahesabu kimoyomoyo: mawe matatu mbele, hatua fupi, usiegemee nyuma. Ikakubali! Tukawapita wawili, watatu. Tukampita mwenyekiti, anateleza kwa makalio kwenye nyasi mbichi, naye akanyoosha mkono juu kwa furaha ya kweli kabisa, akapaza sauti: "Mnaona? Iko kwenye damu!"

Nikageuka nimjibu, macho yakaacha mawe, nikakaa kwenye tope hadi kiunoni.