Mwanamke asijifungue kwa jina la mwingine

“Mtoto wa kununua.” Maneno hayo yalisemwa mlangoni, tukitafuta viatu vyetu, baada ya kumtembelea mtoto wa rafiki yangu. Tulikuwa tumepeleka unga, sukari, maziwa na blanketi, tumekula, tumeomba, tumepokezana kumpakata. Aliyeyasema ni shangazi wa upande wa mume, ambaye muda mfupi kabla alikuwa akimsifu mtoto kwa kurithi paji la uso la babu yake. Aliyasema kwa mnong'ono uliosikika hadi jikoni.

“Shangazi, huyu ni damu ya mtoto wa kaka yako,” nikamwambia.

“Damu sikatai,” akajibu. “Lakini tumbo ni la nani?”

Shangazi simkasirikii sana. Katika umri wake wote hajaona mtoto akipatikana kwa kubebewa mimba na mwanamke mwingine, na pengine akimlea huyu kidogo atasahau alichokisema. Ninachoshindwa kuvumilia ni kwamba serikali, yenye mawakili na madaktari wa kuishauri, inauliza swali lilelile na inakomea palepale. Hospitali ikijaza karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, jina la mama ni la aliyejifungua, na cheti cha kuzaliwa kinafuata karatasi hiyo. Watoto wa kwanza wa kupandikizwa maabara hapa Kenya walizaliwa 2006. Kliniki zimeongezeka tangu hapo, wanawake wamewabebea wenzao mimba, na karatasi ni ileile.

Rafiki yangu alitolewa kizazi baada ya kuvuja damu akijifungua mtoto ambaye hakuishi. Ovari zake zilibaki. Miaka kadhaa baadaye mayai yake yalitolewa, yakarutubishwa kwa mbegu za mumewe, na kiinitete kikawekwa kwa mama mwingine mwenye watoto wake wawili, aliyekubali kubeba. Mama huyo hana uhusiano wa damu na mtoto na hajawahi kudai kwamba anao.

Wakala aliyewakutanisha ndiye aliyewapa ushauri. Mbebaji achukue kitabu cha kliniki kwa jina la rafiki yangu, alazwe kwa jina hilo, ajifungue kwa jina hilo. Karatasi itatoka na jina linalotakiwa na hakuna atakayeuliza kitu. Njia nyingine, akasema, ni rafiki yangu kumuasili mtoto wake mwenyewe: asubiri mtoto afikishe angalau wiki sita, apite kwa shirika la uasili, maafisa waje kukagua nyumba, ripoti ziandikwe, wakili alipwe, mahakama iamue. Mwanamke aliyekwisha kuzika mtoto mmoja anaambiwa aombe ruhusa ya kuwa mama wa huyu aliyetokana na yai lake. Wakachagua uwongo. Sina moyo wa kuwalaumu.

Uchungu ulianza usiku, kabla ya tarehe waliyopewa. Hospitali ya karibu iliyokubali bima ya rafiki yangu ilikuwa ileile alikotolewa kizazi. Faili likatafutwa, likapatikana. Muuguzi akaja nalo kitandani, akasoma, akamtazama mgonjwa, akarudia kusoma.

“Mama, hapa pameandikwa huna kizazi.”

Mama yule akanyamaza. Muuguzi akakifungua kitabu cha kliniki, akakilaza kando ya faili. Jina moja, namba moja ya kitambulisho, makundi mawili ya damu. Faili lilisema O chanya, kitabu kikasema B hasi.

“Sista,” mama akasema mwishowe, akiwa ameshika chuma cha kitanda, “hilo faili si langu. Wewe fuata kitabu.”

Haya nimesimuliwa na yeye mwenyewe, kwangu sebuleni, akiwa mzima. Lakini alijifungua usiku huo akiogopa polisi kuliko alivyoogopa uchungu, na hilo pekee lingetosha kunifanya niandike.

Sasa fikiria angekuwa amefika akiwa amezimia. Najua hospitali hupima damu upya kabla ya kumwongezea mgonjwa, na namshukuru Mungu kwa utaratibu huo. Ila faili lina mengi zaidi ya kundi la damu. Ndilo humwambia daktari kama mgonjwa hudhurika na dawa fulani, kama alishapasuliwa, kama ana presha, kama anatumia ARV. Na hiyo B hasi ina mambo yake: mama wa damu hasi akizaa mtoto wa damu chanya huhitaji sindano ya anti-D, kwa kawaida ndani ya saa 72, ili mimba zake za baadaye zisidhurike. Faili la O chanya likiaminiwa, sindano hiyo haitolewi. Yeye ndiye angekuja kuharibikiwa mimba miaka mitatu baadaye, kijijini kwao, bila mtu wa kumweleza sababu.

Akirudi kwao, wiki mbili baadaye akaanza kuvuja damu, zahanati ya kwao itamuuliza alijifungulia wapi. Atajibu nini? Kwenye kumbukumbu zote za nchi hii hakujifungua. Na kama angefia kitandani pale, cheti cha kifo kingetoka kwa jina la rafiki yangu aliye hai, na watoto wake wawili wangebaki na mama ambaye kwa karatasi hakufa.

Hapo ndipo ninapotaka wabunge na maseneta waanzie. Kila tunapojadili kubebewa mimba tunakimbilia maadili, pesa, watu mashuhuri wa Marekani wasiotaka kuharibu miili yao. Mwanamke aliyelala wodini kwa jina la mwenzake hatajwi. Amefichwa humo na ukimya wa sheria, maana sheria isiyosema mapema mtoto ni wa nani huwafanya watu watafute karatasi kwa hila, na hila hiyo hubebwa na mwili wake.

Mahakama zetu ziliona hili zamani. Mwaka 2014 Jaji David Majanja aliamua kesi ya mapacha waliozaliwa Nairobi kwa njia hii. Hospitali haikujua iandike jina la nani, ikaita Idara ya Watoto, na watoto wachanga wakapelekwa kwenye makao ya watoto. Hapakuwa na ugomvi wowote. Aliyebeba na wenye mtoto walikuwa upande mmoja, ndio waliokwenda pamoja kuishtaki serikali. Jaji alikubali kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Mwaka uliofuata Jaji Isaac Lenaola naye akapata kesi ya namna hiyo, naye akasema wazi kwamba nchi inahitaji sheria. Majaji wamefanya yao. Lakini nani mwenye mtoto wa siku mbili anayeweza kusubiri hukumu ya Mahakama Kuu?

Afrika Kusini wamelinyoosha. Sheria yao ya Watoto ya 2005, sura ya 19, inataka mkataba upelekwe Mahakama Kuu na uthibitishwe kabla kiinitete hakijawekwa. Jaji anaangalia kama mbebaji ana mtoto wake aliye hai na alishawahi kuzaa salama, kama anaelewa anachokubali, kama angalau mmoja wa wanaotaka mtoto ana uhusiano wa damu naye. Wakishathibitishiwa, mtoto ni wao tangu anapozaliwa, na mbebaji anakwenda kliniki kwa jina lake, faili lake, damu yake. Mbebaji aliyetumia yai lake mwenyewe ana siku 60 baada ya kuzaa za kubadili nia, na naona ni haki, kwa sababu hapo mtoto ni damu yake. Sheria hiyo si kamilifu. Kwenda Mahakama Kuu ni gharama, na wenye kipato cha kawaida wanaweza kubaki nje. Lakini swali la shangazi linajibiwa kabla mtu hajashika mimba.

Uingereza, tulikochukua sheria zetu nyingi, mbebaji bado ndiye mama kisheria mpaka mahakama itoe amri baada ya mtoto kuzaliwa. Tusiige hilo. Rwanda nayo imeliingiza jambo hili kwenye sheria yake ya huduma za afya ya 2025.

Na asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Wakamba wana iweto, Wakuria wa Migori na wa Mara, ng'ambo ya mpaka, wana nyumba ntobu, Wanandi nao wana ndoa ya mwanamke kwa mwanamke. Mwanamke aliyekosa mtoto, au aliyekosa wa kiume, anatoa mahari, anaoa msichana, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake, wanarithi kwake. Simsifu kila aliyeoa hivyo, maana wasichana wengi waliingizwa humo bila kuulizwa, na wengine wameteswa. Ninachokitazama ni mpangilio: mahari ilitolewa mbele ya wazee kabla ya mimba, na ukoo mzima ulijua mtoto atakuwa wa nyumba gani. Bibi zetu wasioandika walilimaliza jambo hili siku ya mahari. Sisi wenye Katiba ya 2010, yenye ibara ya 53 inayompa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, tunalimalizia kwenye makao ya watoto.

Kwa Waislamu jambo hili lina uzito wake. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Amman 1986, liliruhusu kupandikiza kwa mke na mume wenyewe na likakataa tumbo la mwanamke mwingine, hata akiwa mke mwenza. Naiheshimu imani hiyo. Sheria ninayoitaka haimlazimishi mtu kubeba wala kubebewa.

Nije kwenye malipo, ambayo yamekula mjadala wote. Mswada wa uzazi wa kusaidiwa kitaalamu, ambao mbunge Millie Odhiambo alianza kuupeleka bungeni 2014, akaurudisha 2022, ulipitishwa na Bunge la Taifa Novemba 2025 na kupelekwa Seneti. Unapiga marufuku biashara. Kwa shingo upande nakubali kwamba hofu hiyo ina msingi. India iliwafungia milango wageni 2015, kisha sheria yake ya 2021 ikafuta biashara yenyewe. Thailand nayo iliwazuia wageni 2015, baada ya dunia kumwona mtoto Gammy, mwenye hali ya Down, amebaki kwa mama aliyembeba huku pacha wake amepelekwa Australia. Sitaki Nairobi iingie kwenye orodha hiyo, na mawakala wanaowawinda wasichana wenye njaa nawachukia kwa moyo wangu wote.

Lakini daktari analipwa, maabara inalipwa, wakili analipwa. Anayeambiwa afanye kwa upendo ni yule mmoja anayeweza kufa. Kama lazima malipo yakatazwe, basi fidia iandikwe kwa majina yake: mshahara anaoukosa, msaidizi wa kazi za nyumbani, chakula, nauli, bima ya afya kwa mwaka mzima baada ya kuzaa, bima ya maisha kwa ajili ya watoto wake. Na mama anayepokea mtoto apewe likizo ya uzazi kamili. Ule mwezi mmoja ambao sheria ya ajira imempa anayeasili tangu 2021 hautoshi kwa mtoto wa siku moja.

Maseneta, mnaweza kubishana juu ya fidia hadi usiku. Ila kifungu cha kumtambua mzazi kabla ya mimba kiwemo, na msikilegeze. Kazeni pia kwamba kliniki itakayomwandikisha mbebaji kwa jina lisilo lake ifungiwe leseni.

Na nyinyi mnaoniandikia kuniomba namba za mawakala, sina wa kumpendekeza. Kabla hamjatoa hata shilingi moja, muulizeni huyo wakala kitabu cha kliniki kitaandikwa jina la nani. Akisema lenu, ondokeni, na mpigieni mama aliyekusudiwa kubeba mumwambie kwa nini mmeondoka.